Asumini au bogenvilia, mrehani au kivumbasi: ipi itakubali kwenye ua wako

Masika yakikaribia tu maswali yanaanza, nipande nini kisichonisumbua, na majibu ni yale yale kila mwaka: panda asumini haina kazi, panda mrehani, panda mpapai, tia mchicha wiki tatu unakula. Mtu anakwenda kitaluni ananunua anapanda, miezi miwili baadae mti umekaa vile vile una manjano au umekufa kabisa, na jirani yake nyumba ya tatu asumini imepanda mpaka juu ya bati. Hapo ndo unasikia "mie sina mkono wa kupanda". Jamani mkono una kazi ndogo sana hapa. Visiwa vyetu vya Unguja na Pemba vidogo lakini ardhi yake haifanani, na huo mti anaokwambia mtu kuwa ni rahisi, kwake ni rahisi kweli, kwa udongo wake na maji yake na upepo unaompiga yeye. Kwako ni hesabu nyengine.

Kwa hiyo hapa nachukua ile inayopendekezwa sana naipambanisha, ipi inafaa ua gani. Lakini lazma tuanze na ua, mana mti unaweza kubadilisha, ua huwezi.

Unguja upande wa magharibi na kati, Dole, Kizimbani, Donge, Mwera huko, kuna kinongo, ule udongo mwekundu wenye kina, unashika maji na kuyaachia kwa kiasi, na mara nyingi una uchachu kidogo. Pemba kwenye vilima vyake ndo hivo pia tena mvua zaidi, wastani wa Pemba ni kama milimita 1,900 kwa mwaka na Unguja kama 1,600, ndo mana karafuu imejikalia kule raha mustarehe. Ukienda mashariki na kusini ya Unguja, Paje, Bwejuu, Jambiani, Makunduchi, na kwa Pemba upande wa Micheweni, unakutana na maweni na uwanda, jiwe la matumbawe liko juu juu na udongo umejificha kwenye vitundu vya mawe, na jiwe lenyewe ni chokaa. Mabondeni kuna kinamo, udongo mzito wa mfinyanzi wa kulimia mpunga unaotuamisha maji, na ufukweni mchanga mtupu unaopitisha maji moja kwa moja kama hujamwagia kitu.

Halafu kuna fusi. Nyumba mpya nyingi, Chukwani, Fuoni, Kiembesamaki, ua wake umejazwa vipande vya mawe na mabaki ya simiti, juu ikamwagwa gari moja ya udongo mwekundu ipendeze. Ukichimba viganja viwili umeshafika kwenye simiti. Na Mji Mkongwe nako, zile kuta za mawe na chokaa zimemomonyoka miaka na miaka, udongo wa uani unaweza kuwa mweusi mzuri wa kuvutia na huku umejaa chokaa. Kipimo chake kipo jikoni: chukua udongo mkavu kijiko kimoja, tia siki, ukitoa mapovu chokaa imo. Usipotoa, una nafasi kubwa zaidi ya kuchagua. Kipimo cha pili chimba shimo la sentimita 30, jaza maji yashuke, jaza tena uangalie. Yakiondoka kwa saa chache ni sawa, yakiwa bado yapo asubuhi ya pili basi masika mizizi itaoza, usijidanganye.

Maji nayo. Visima vya pwani vingi vina chumvi na mwisho wa kaskazi kabla mvua hazijaanza ndo inazidi. Unamwagia kila siku, maji yanakwenda na jua, chumvi inabaki pale pale kwenye udongo, mti unaungua ncha za majani wewe unadhani una kiu unaongeza maji yale yale.

Na jua watu hawalihesabu kabisa. Sisi tupo kama nyuzi 6 kusini ya ikweta, Pemba 5, maana yake kuanzia mwanzoni mwa mwezi wa tatu mpaka mwanzoni mwa mwezi wa kumi jua la saa sita mchana linakaa upande wa kaskazini, na mwezi wa sita limelala kweli kweli. Kwa hiyo kitanda cha maua kikiwa upande wa kusini wa nyumba au wa ukuta mrefu, kitapata jua zuri kaskazi nzima, utapanda mwezi wa kwanza ufurahi, halafu masika na kusi yote kiko kivulini. Ndo ile "ilianza vizuri halafu ikakataa". Haikukataa, jua limehama.

Asumini na bogenvilia

Hizi ndo zinazochanganywa sana kwa sababu zote zinapanda ukutani, zote unatia kijiti tu, na zote zinasifiwa kuwa hazina kazi. Tabia zao zimepishana mbali sana.

Asumini yetu hii ya kikuba (kile kishada cha maua na majani ya harufu), nyeupe inayofunguka jioni, inataka udongo wenye uchachu kidogo, mboji ya kutosha, maji yasiyokatika lakini yasiyotuama, na jua la nusu siku kwenda juu. Ipande kwenye kinongo huko Dole au Wete uiwekee samadi iliyooza, hutaisikia tena isipokuwa kwa harufu. Sasa chukua kijiti cha mti huo huo ukipeleke Jambiani ukakipande kwenye tundu la jiwe. Majani mapya yatatoka manjano na mishipa yake imebaki kijani. Ukiona hivo usikimbilie yuria, na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu watu wanapoteza pesa zao hapa, ule mti haukosi mbolea, unakosa chuma. Chuma kimo ardhini ila chokaa imekishikilia mizizi haiwezi kukivuta, unaweza kumwaga samadi gari zima na jani likabaki manjano. Ongeza na maji ya chumvi na upepo wa bahari, mti unasinyaa mwaka mzima haufi haupoi.

Bogenvilia asili yake Amerika Kusini na inachotaka ni jua kali la kutwa, chokaa inaivumilia, upepo wa chumvi inauvumilia, na inapenda ikauke kidogo kabla hujamwagia tena. Ndo mana kule pwani ya mashariki unaiona kwenye kuta imejaa rangi huku inakula mawe. Ile rangi yenyewe ni majani, ua ni kale kadogo keupe katikati, na mti unatoa rangi zaidi ukibanwa maji. Sasa mtu wa Pemba anaipanda kwenye udongo mnene, mvua inaipiga, yeye anaongeza samadi juu yake, inakuwa dude kubwa la kijani lenye miiba halina hata jani moja la rangi, anasema nimeuziwa aina mbaya. Hakuuziwa aina mbaya, ameilisha kupita kiasi. Aache samadi, aache maji, miezi mikavu itamuonesha.

Kwa hiyo ukiniuliza mie: una kinongo na ua si wa jua la kutwa, chagua asumini wala usifikirie mara mbili. Una maweni, fusi, au upepo wa bahari unakupiga usoni, bogenvilia ardhini. Na ukiwa maweni na roho inataka asumini (na nani hataki, harusi itakuwaje bila asumini), itie kwenye ndoo ya lita 20 uliyoitoboa chini, kinongo cha kuletewa kutoka shamba, samadi iliyooza, na makumbi yaliyokatwakatwa. Hapo kwenye makumbi angalia, usichukue yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba bila kuyaosha na kuyaloweka maji baridi (yasiyo ya chumvi) mara kadhaa, yamejaa chumvi. Mwagia maji ya mvua uliyokinga au maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, hayo hayana chumvi wala chokaa, ni mazuri sana kwa maua ila ya kiyoyozi kwa mboga za kula usitumie.

Viwili vya haraka kabla sijaondoka hapa. Asumini inachanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo msimu ukipoa ikate, anayeihurumia ndo anayekosa maua. Na bogenvilia mizizi yake inakatika kwa kuguswa, ukiitoa kwenye kifuko usiivute wala usiikung'ute udongo, chana kifuko kwa wembe uishushe na donge lake. Nyingi zinazokufa wiki ya kwanza zimeuliwa hapo, si na udongo wala jua.

Mrehani na kivumbasi

Mrehani wenyewe, ule wa kikuba, ni wa mtu anayeshinda nyumbani. Unataka jua, unataka maji kila siku poti ikiwa ndogo, na zaidi ya yote unataka kuchumwa. Ukiuacha utoe maua mpaka mbegu, shina linakuwa kuni na majani yanapungua, mti umeshamaliza safari yake. Ndo mana mrehani wa bibi anayechuma kila jioni unakuwa kichaka na wa kijana aliyeupanda kwa mapambo unakauka. Masika ndo adui wake, shina linaanza kuwa jeusi kwa chini kisha unalala wote, na dawa hakuna hapo, kata vijiti vya juu vilivyo vizima uvitie kwenye glasi ya maji vitatoa mizizi. Kama unaanza sasa ngojea mvua zikatike, mwezi wa sita hivi.

Kivumbasi hakitaki mtu. Kinajiotea hata kwenye mawe, ukikisahau hakisusi, ukikikata kinarudi, na watu wetu tangu zamani wanakiweka karibu na dirisha kwa ajili ya mbu. Lakini harufu yake kali, huwezi kukifunga kwenye kikuba ukamvisha bibi harusi. Basi chaguo hapo ni la maisha yako tu, upo nyumbani kila siku ama unasafiri safiri.

Mchicha na bamia

Kwa mwenye kinongo au fusi lililotiwa samadi nzuri, vyote viwili vinatoka. Tofauti inakuja kwenye mchanga. Bamia ikipandwa mchangani mara ya kwanza inakuja vizuri, mara ya pili kwenye kitanda kile kile inadumaa, mchana inanyauka hata kama umemwagia. Ing'oe uangalie mizizi, utakuta vinundu vinundu. Ni minyoo midogo sana ya ardhini haionekani kwa macho, na inapenda mchanga na inapenda bamia mno. Usirudishe hapo bamia wala nyanya wala mbilingani, zote inazila. Tia mboji kwa wingi upande mchicha, ambao unaondoka baada ya wiki tatu nne kabla haijaufanya kitu cha maana.

Mchicha na wenyewe ukikataa mara nyingi ni mbegu. Zile mbegu ni ndogo mno, ukizifukia kidole kizima hazitoki, zinatakiwa kufunikwa kwa udongo mwembamba kabisa, na masika ya nguvu inazisomba zote mpaka kwenye mtaro. Na kuku jamani. Watu wanatafuta dawa ya ugonjwa wakati kuku wa jirani anapita alfajiri, tia wavu au matawi ya mkuti juu mpaka vifike kiganja. Bamia yenyewe loweka mbegu usiku mmoja, na ikianza kuzaa chuma kila baada ya siku mbili, ukiiacha inakomaa inakuwa kamba na mti unaona umeshazaa unaacha kutoa nyengine.

Kwa ua mdogo wa mjini wenye jua la masaa manne tu nachagua mchicha. Bamia pale itarefuka tu.

Mpapai

Huu sina cha kuulinganisha nao ila umeulizwa sana. Kwanza kuna dume na jike. Unapanda mmoja, unaukuza, unachanua maua yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu kama shanga, hauzai, jirani wake umebeba mpaka unaegemea. Hakuna kosa la udongo hapo, wako ni dume. Ukipanda kwa mbegu weka mitatu kwenye shimo moja, ikichanua ndo unachagua, jike maua yake makubwa yamekaa karibu na shina, na upo mwengine wenye vyote viwili huo ni mzuri pia. Pili hauwezi maji kusimama, siku mbili tatu za maji kwenye kinamo mizizi inaoza, panda juu ya tuta. Tatu upepo wa kusi unauangusha, mana shina lake lina maji ndani wala si mbao. Kwenye maweni unakubali vizuri kuliko watu wanavyodhani, ukipata tundu lenye udongo na ukauwekea samadi.

Mlangilangi na msanapiti

Wanaotaka harufu ya ua zima mpaka njiani. Mlangilangi ni mti mkubwa, unafika mita 10 na zaidi, unataka kina, unyevu na udongo usio na chokaa, kwa hiyo ni mti wa Pemba na wa mashamba ya Unguja. Nawaomba sana wenye viwanja vidogo vya mjini msiupande ukutani, mizizi na matawi yatawagombanisha na majirani, na juu ya fusi hauchanui inavyopasa.

Msanapiti, ule wa maua meupe yenye njano katikati unaouona makaburini, wenyewe ni mti wa maweni hasa. Ukame unauvumilia, chumvi unaivumilia. Ila una mambo mawili yanayowafanya watu wauone mgumu. Kijiti chake ukikikata leo ukakipanda leo kinaoza, mana kina maziwa mengi, kiache kivulini wiki nzima mpaka jeraha likauke ndo ukitie ardhini, na maji kidogo sana mpaka kitoe majani. La pili unapukutisha majani wakati wa ukavu unabaki vijiti vitupu, watu wanaung'oa wakidhani umekufa. Kwaruza ganda kwa ukucha, ndani kukiwa kijani uache.

Na kwa wa maweni nasema mhina pia, mana hina iliyokulia kwenye jua kali na maji machache rangi yake inakolea kuliko iliyonyweshwa sana. Kwa hilo Makunduchi wanawashinda watu wa kwenye kinongo.

Shubiri na mchaichai

Hii ya wapangaji, wanaotaka poti mbili mlangoni basi. Shubiri inakufa kwa kupendwa, inawekwa kwenye kopo halina tundu, inamwagiwa kila siku, masika inaoza kuanzia kwenye shina inakuwa uji. Mchanga nusu udongo nusu, tundu chini, maji mara moja kwa wiki kiangazi na masika usiiguse kabisa, isogeze chini ya upenu. Ikigeuka hudhurungi kwenye jua kali haiumwi, inajikinga. Mchaichai ni kinyume chake, unataka jua na maji na poti kubwa, ukiweka kwenye kivuli unakuwa nyuzi nyembamba hazina harufu, na kila baada ya miaka miwili hivi shina linajibana lenyewe katikati linakufa, ung'oe uugawe upande upya.

Ukiwa safarini safarini chukua shubiri, ukiwa unakunywa chai ya mchaichai kila asubuhi hutausahau kuumwagia. Na poti zote mbili zile sahani za chini zitoe, au zimwage kila siku, zinazalisha mbu na wale wa mchana ndo wa homa ya dengi.